Samaki wa Fanueli

Same, 14 Oktoba 2023

Mke wangu Bibi Zipora,

Shikamoo. Najua mtu hamwamkii mkewe shikamoo, lakini umenizidi umri na ukali, kwa hiyo pokea yote mawili. U hali gani huko Vudee? Goti la kushoto linaendeleaje? Na yule ng'ombe aliyesusa majani ya migomba, amejirudi? Mimi ni mzima, ila jua la Same linanikomesha. Nimekuwa mweusi mpaka mwalimu wa zamu aliniuliza kama mimi ni mwanafunzi mgeni.

Kidato cha tano si mchezo, Bibi. Maji ya bomba hapa bwenini yanatoka yanapojisikia, na yakitoka watu wazima wenye ndevu tunakimbizana na ndoo kama watoto wa chekechea. Chakula ni ugali na maharage, kesho yake maharage na ugali. Nimewasifia wenzangu makande yako, wamenikataza kuyataja tena tukiwa na njaa.

Raha yangu ni ile kamera ya zamani ya Baba. Simu hapa ni marufuku, lakini tuna klabu ya picha, na Madam Priska anayeisimamia ananitunzia kamera kabatini kwake. Asubuhi kabla ya paredi nasimama nyuma ya bweni napiga picha milima yetu. Mawingu yanakaa katikati, kilele kinabaki juu peke yake, nami nasema kimoyomoyo, Bibi yangu yuko mle ndani anafokea mtu. Jumamosi iliyopita klabu ilipelekwa Mkomazi kupiga picha tembo. Nimekuwekea moja humu. Samahani, alikuwa ameshageuka.

Sasa habari yenyewe. Baba amepata likizo Desemba na ametuahidi safari: yeye, Mama, mdogo wangu Diana na mimi, tunaenda kisiwa cha Mafia. Anasema na wewe twende. Bibi, ni kisiwa kile kile alichokwenda Babu Fanueli ujanani kufanya kazi kwenye minazi. Kisiwa cha yule samaki wake! Sema ndiyo.

Mjukuu wako na mumeo,
Anderson


Vudee, 22 Oktoba 2023

Mume wangu Anderson,

Marahaba, na usinipe tena shikamoo na mke wangu kwa pumzi moja. Sisi wazima, Mungu anatutunza. Goti ni goti. Ng'ombe amejirudi baada ya kumwambia ukweli. Tembo wako nimempokea, na nimeshangaa mnafunga safari yote hiyo kwenda kupiga picha makalio.

Naandika barua kwa sababu baba yako alinipigia kwenye kitochi changu, na kwenye simu vocha inaisha kabla sijamaliza kukasirika. Nilimwambia siendi, na wewe nakwambia siendi. Mahindi ya vuli hayajui likizo. Au huko bondeni umeshasahau jinsi tunavyoishi? Maji ya kijito tunayafungia ndiva, bwawa letu la udongo, usiku kucha yajae, asubuhi mwenye zamu anafungulia yashuke shambani kwake, jioni tunafunga tena. Usipokuwepo siku ya zamu yako, maji yanapita yakimcheka mwenye shamba. Nani atanifungulia mimi? Samaki?

Na kwa kuwa umemtaja huyo samaki, nikueleze, maana ulikuwa hujazaliwa. Babu yako alirudi kutoka Mafia tukiwa tumeoana juzi tu. Siku hiyo kulikuwa na msaragambo, watu wote wa kitongoji wako ndani ya ndiva wanazoa tope, majembe hewani. Mtu akamwuliza, haya Fanueli, huko baharini umeona nini? Akasema ameona samaki mrefu kuliko basi, ana madoa mgongo mzima, mdomo ukifunguka unapita debe, naye hamng'ati mtu, anapita zake. Anderson, watu waliangusha majembe! Walicheka mpaka wengine wakakaa kwenye tope. Kuanzia saa ile akaitwa Fanueli Samaki, na hilo ndilo jina alilokwenda nalo kaburini.

Lingeishia hapo ningesema ni utani. Lakini ulipofika wakati wa kuchagua mgawa maji wa ndiva, kila mtu alijua anayefaa ni Fanueli. Simeoni akasimama akasema, ndugu zangu, mtu aliyeona samaki mrefu kuliko basi, akitupimia maji si atatupimia bahari? Watu wakacheka, Simeoni akachaguliwa, yuko mpaka leo na fimbo yake ya kupimia. Nilisimama nikamjibu mpaka mchungaji akaniomba nikae. Nimemtetea Fanueli kanisani, sokoni na kwenye misiba. Wanasema Mpare anauza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Mimi ningeuza na zizi.

Kwa hiyo hilo la Mafia liache. Soma.

Bibi yako,
Zipora


Same, 5 Novemba 2023

Mke wangu mwenye zizi,

Shikamoo, ila leo kwa pumzi ya pili. Natumaini u mzima na mvua za vuli zimeanza. Huku zinapita juu zikielekea kwenu.

Bibi, sikuelewi. Kama umemtetea Babu miaka yote hiyo, si ndiyo uje ushinde kesi? Shahidi yuko baharini, Baba anatulipia nauli, kinachobaki ni wewe kushuka mlima. Mahindi yasiwe kisingizio, umewahi kuyaacha ukaenda mkutano wa akina mama huko Usangi juma zima, ukarudi umenenepa. Niambie ukweli. Unaogopa maji?

Mumeo anayeuliza kwa heshima,
Anderson


Vudee, 12 Novemba 2023

Anderson,

Ni wazima. Mvua ipo.

Siogopi maji. Nitakwambia neno ambalo hata mchungaji sijamwambia, ukishalisoma litie moto.

Nilimtetea babu yako kila mahali, lakini sikumwamini. Hata siku moja. Nilikuwa nagomba kwa sababu ni mume wangu, si kwa sababu ya samaki. Naye alikuwa akiniangalia ninavyogomba, anatabasamu, halafu tukiwa njiani kurudi nyumbani anasema, asante Mama Daudi. Basi. Hakuwahi kuniuliza kama namwamini. Nadhani alijua. Baadaye aliacha kabisa kuisimulia habari ile, hata kwa baba yako.

Sasa unataka niende. Nikienda nisimkute huyo samaki, basi nimemzika muongo, nami nilikuwa wakili wake. Nikimkuta je? Basi nimelala kitanda kimoja na mtu mkweli maisha yangu yote nikimhesabu muongo. Hebu niambie wewe msomi, nichague lipi hapo? Huku mlimani sijui hili wala lile, na nimeshazoea.

Nendeni salama. Beba koti, baharini kuna upepo.

Bibi yako


Same, 13 Januari 2024

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo sana. Heri ya mwaka mpya. Goti? Ng'ombe? Nimerudi shule jana, ngozi inabanduka puani, na koti nililibeba kisiwa kizima kama mtoto mgongoni. Kule ni joto, Bibi! Watu walikuwa wananipa pole.

Ile barua niliitia moto jikoni kwa mpishi kama ulivyoagiza. Sikusahau kilichokuwemo.

Sasa keti. Tulitoka Kilindoni asubuhi na boti ya mashine, nahodha amesimama juu ya ubao wa mbele anaangalia maji. Diana alitapika mara tu tulipoondoka, Mama akafuata. Nikamwuliza Baba unawaza nini, akasema, namwaza mzee. Mara nahodha akanyoosha mkono, akasema potwe. Ndivyo wanavyomwita kule. Mimi sikuona kitu. Nikavaa miwani ya maji, nikaiweka kamera kwenye mfuko wake wa plastiki, nikaruka.

Niliona kivuli cha wingu chini ya maji. Nikawaza, mbona leo hakuna mawingu? Kisha kivuli kikawa na jicho. Jicho dogo, Bibi, dogo mno kwa mwili ule, likaniangalia bila haraka yoyote. Mdomo ulikuwa wazi kama mlango wa ghala. Hakuwa na hasira, hakuwa na habari na mimi hata kidogo, alikuwa anakula maji. Mgongo mzima una madoa meupe yaliyopangwa kwa mistari, kama kuna mtu aliyekaa akayachora. Alipita, akapita, akaendelea kupita. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na ndani ya maji huwezi kufanya hata kimoja. Nikaita "Babu!" nikameza chumvi, nahodha akanivuta kwa shati.

Tangu siku hiyo nikikaa darasani najisikia mdogo, lakini kwa namna nzuri. Sijui nielezeje. Mwalimu anaandika ubaoni na mimi namwona bado anapita.

Picha nimekuwekea humu. Ninakiri si nzuri. Alikuwa karibu mno na mkubwa mno, hakuenea. Lakini ndiye.

Mumeo aliyemwona,
Anderson


Vudee, 4 Februari 2024

Mume wangu Anderson,

Marahaba. Tunaendelea, tunamshukuru Mungu. Picha nimeipokea kwa mkono wa Elinaza wa gari. Nimeiangalia kwa miwani na bila miwani. Mwanangu, huyu ni kanga. Yule ndege anayefukua mbegu zangu za mahindi. Ni madoa matupu, hakuna kichwa wala mkia.

Kwa ujinga wangu niliipeleka kanisani. Baada ya ibada Simeoni akaishika, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena, akasema, Zipora, huyu kanga amenona, mtamchinja lini? Unajua jinsi watu wanavyocheka wakiwa wametoka kuomba, wanacheka kwa nguvu zote. Nilimjibu. Usiulize nilimjibu nini, ilikuwa Jumapili.

Lakini si hilo lililonifanya nichukue kalamu. Umeandika, "alipita, akapita, akaendelea kupita." Niliposoma hapo niliketi juu ya gunia. Hayo ni maneno ya Fanueli. Hivyo hivyo, kwa mpangilio huo huo, siku ile ndani ya ndiva. Nani alikufundisha? Ni baba yako? Usinifanyie mchezo kwa jambo hili, Anderson. Niapie.

Bibi yako


Same, 18 Februari 2024

Bibi,

Shikamoo. Sisi huku wazima.

Naapa mbele za Mungu, hakuna aliyenifundisha. Nilichokijua mimi ni yale uliyoniandikia wewe, na maneno hayo hayakuwemo. Nimemwomba Madam Priska simu nikampigia Baba. Anasema hajawahi kumsikia Babu akiisimulia hata mara moja. Anachokumbuka yeye ni kupigana shuleni kila walipomwita mtoto wa Samaki.

Nadhani ukimwona, hakuna namna nyingine ya kusema. Anapita tu.

Mjukuu wako,
Anderson


Same, 12 Oktoba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Tangu Februari nakuandikia hujibu, na Julai nilipopanda kukusalimia ulinilisha, ukanitania, ukanifungia ndizi za kurudi nazo, ila nikigusa Mafia unaondoka kwenda kumwangalia ng'ombe. Elinaza wa gari anasema u mzima na unamfokea kama kawaida, hilo ndilo linalonifariji.

Nimeingia kidato cha sita. Desemba hii hatufungi, tunabaki kambini kujiandaa na mtihani. Kamera imelala kabatini, navizia Jumapili tu. Nimempiga picha mpishi wetu akikoroga ugali kwa mwiko mrefu kuliko mimi, mvuke umemfunika uso. Madam Priska ameibandika ukutani ofisini.

Baba anataka kurudi Mafia mwaka huu, na mimi sitakuwepo. Nimeumia, nakwambia kweli. Kama nimekukosea kwa ile picha ya kanga, nisamehe. Ila usininyamazie, Bibi. Ukimya wako unanitisha kuliko ukali wako.

Mjukuu wako,
Anderson


Vudee, 10 Novemba 2024

Mume wangu,

Marahaba. Hujanikosea. Nilikuwa naipima kesi. Nimeipima nikipalilia, nikikama, mpaka maziwa yakamwagika. Wewe hukumsikia Fanueli, na bado umesema kama Fanueli. Mashahidi wawili wasiokutana wakisema neno moja, hata hakimu wa Same angekaa vizuri kitini. Lakini Mpare haridhiki na ushahidi wa kuambiwa. Kwa hiyo naenda na baba yako.

Zamu yangu ya maji nimemwachia nani? Simeoni mwenyewe! Nilimfuata kwake, nikamwambia unifungulie ndiva siku zangu, sitakuwepo. Akauliza, unakwenda wapi Mama Daudi, na goti hilo? Nikasema, naenda kutoa ushahidi. Alicheka, lakini alikubali, na akaniuliza kama nina mtu wa kunibebea mzigo mpaka garini. Si mtu mbaya. Mdomo tu.

Mpe baba yako kamera aje nayo. Na uniombee. Naogopa, Anderson. Sijaogopa hivi tangu asubuhi ya harusi yangu.

Bibi yako


Kilindoni, Mafia, 29 Desemba 2024

Anderson mjukuu wangu, mume wangu, mtoto wangu,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Hujambo huko kambini? Unakula? Sisi wote wazima, Diana safari hii hajatapika, aliyetapika ni baba yako. Barua hii ataituma kwa basi tukifika Dar. Usome polepole.

Kwanza nikwambie aibu yangu. Tulifika alasiri, nikaiona bahari imejaa mpaka kwenye ukuta wa nyumba tuliyofikia. Nikasema sawa, ni ndiva kubwa, nimeelewa. Asubuhi natoka na mswaki mdomoni, bahari haipo! Anderson, haipo! Tope na mchanga mpaka huko mbali, boti zimelala ubavu kama ng'ombe. Nilirudi ndani nikampigia kelele baba yako: Daudi, amka, mtu amefungulia, maji yote yameondoka! Hakuamka. Nikashuka mwenyewe na gauni la kulalia na kitenge juu, nikamkuta mama mmoja ameinama anaokota chaza. Nikamwuliza kwa ukali, nani ana zamu leo? Akasema zamu ya nini, bibi? Nikasema ya maji, nani amefungulia yote bila kuacha hata ya mifugo? Yule mama alicheka mpaka ndoo ikamwanguka. Akaniambia hakuna aliyefungulia, yametoka yenyewe, alasiri yatarudi yenyewe. Nikamwambia, mama, mimi nimezeekea kwenye ndiva, maji hayarudi yenyewe, maji hufungiwa. Akasema, basi kaa utazame.

Nikakaa. Sikunywa chai. Baba yako alikuja kunitafuta nikamwambia nipishe. Na yalirudi, Anderson. Polepole, bila mtu, bila mfereji, bila fimbo ya Simeoni. Yalikuja yakajaza kila shimo kwa zamu, hakuna shimo lililorukwa. Nikasimama yakanifika vidoleni, yakanifika magotini, goti langu likasahau kuuma.   Yule mama wa chaza aliponipita aliniuliza, umeamini?  Nilikuwa nawaza, kumbe mtu anaweza kuishi hadi uzee akidhani maji yote ya dunia yana mtu wa kuyafunga. Nikajiuliza ni mengine mangapi niliyokataa kwa sababu sikuyaona Vudee. Hapo hapo, kabla hata ya kupanda boti, hofu ilinitoka. Nikamwambia baba yako, twende kesho.

Tukaenda. Sikuingia majini, nina akili. Nahodha alinikalisha pembeni, akanishika gauni kwa nyuma, akasema bibi, usimguse, mwangalie tu. Kamera ilikuwa shingoni mwangu, nikasahau kama ina kazi. Kwanza maji yakawa meusi. Kisha yale madoa yakapanda juu. Nikakumbuka picha yako, nikataka kucheka, nikashindwa. Alikuja chini ya boti. Kichwa kilikuwa kimeshatokea upande wa pili, na mkia bado uko upande huu! Nilikuwa nageuza shingo huku na huku, nimalize kumwona, haishi. Nikatia mkono majini. Sikumgusa. Maji aliyoyasukuma ndiyo yaliyonigusa, nayo yalikuwa na nguvu ya upole.

Nililia kwa sauti. Nikaita Fanueli! Fanueli! Watu wa boti nzima wakageuka, baba yako akaficha uso kwenye kofia. Nilikuwa nimejiandaa kuona aibu mbele ya mume wangu, haikuja. Ilikuja furaha, na ilikuwa kubwa sijui niiweke wapi. Kote kule nilikosimama nikagomba, kanisani, sokoni, mbele ya mchungaji, nilidhani namtetea mume. Kumbe nilikuwa nasema kweli, na mimi mwenyewe sijui.

Ubarikiwe, Anderson. Mungu ameumba vitu.

Bibi yako,
Zipora


Same, 19 Januari 2025

Bibi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Natumaini umefika mlimani salama na umekuta mahindi yamesimama. Barua yako nimeisoma bwenini kwa sauti, wenzangu wakaacha kupiga pasi. Ile sehemu ya zamu wameniomba niirudie, na ile ya Babu hakuna aliyecheka.

Sasa sikia. Kumbe wewe ulipokuwa unaita, Baba aliichukua kamera shingoni mwako. Amenitumia picha kwa basi, nimekwenda kuzichukua stendi na Madam Priska. Nyingi zimetikisika. Ila moja, Bibi! Wewe umeinama, mdomo wazi, mkono majini, nahodha amekushika gauni. Na chini ya maji yuko yeye mzima, kichwa, madoa, mkia, ameizidi boti pande zote mbili. Madam Priska aliitazama akavuta kiti, akakaa. Nimepiga picha tangu darasa la saba, na sitapiga kama hii, na aliyeipiga ni Baba akiwa analia.

Picha hii haibishaniwi. Nimeomba ruhusa ya Jumamosi moja. Nitaikuza iwe kubwa kama kioo cha kabati, nipande nayo siku ya msaragambo, watu wote wakiwa kwenye ndiva, niiweke mbele ya Mzee Simeoni. Palepale walipomcheka Babu. Yaishe. Nipe tarehe tu.

Mumeo aliye tayari,
Anderson


Vudee, 2 Februari 2025

Mume wangu Anderson,

Marahaba. Mimi mzima, ng'ombe mzima, mahindi yamesimama. Simeoni alinifungulia maji siku zangu zote, na akang'oa magugu yaliyoziba mfereji wangu. Nimempelekea makande.

Tarehe sikupi. Msaragambo umeshapita, ulikuwa Jumamosi, na nilisimama mwenyewe. Nilingoja majembe yatue, nikasimama ukingoni mwa ndiva na goti langu, nikawasimulia vyote. Bahari inayojifungua na kujifunga. Samaki mwenye kichwa upande wa pili wa boti na mkia upande huu. Nikasema Fanueli alisema kweli, nami nimeona kwa macho haya.

Wakacheka! Wee, walicheka. Binti wa jirani alijishika mbavu. Simeoni akaegemea fimbo yake akasema, jamani, ugonjwa wa Fanueli unaambukiza, tena umemngoja mjane. Zamani ningewaka pale, ningemtafutia maneno hata kwenye Agano la Kale. Nilitaka kukasirika, Anderson, nikakitafuta kile kisirani changu sikukiona. Nikaanza kucheka nao. Nilicheka kuliko wao, mpaka wakanyamaza wakaniangalia.

Sasa watoto wakipita hapa uani wanaita Mama Samaki, naitika. Juzi Simeoni alipita akaketi kibarazani, akaniambia, hebu rudia ile ya mkia. Nikarudia. Akatikisa kichwa akasema uongo mtupu, akaniomba nirudie tena. Anasema Fanueli alikuwa anaisimulia vizuri zaidi yangu. Nikamwuliza, unakumbuka? Akasema neno kwa neno.

Kwa hiyo picha hiyo baki nayo. Najua ni nzuri, najua umeumia, utawaonyesha wanao. Ila usiilete Vudee mimi nikiwa hai. Ukiwaonyesha wataamini siku hiyo moja, watasema kumbe, kisha watarudi kwenye majembe yao na habari ya Fanueli itakuwa imekwisha. Wakibisha, wanamtaja kila siku. Na yeye alibishiwa peke yake maisha yake yote, mimi nikiwa nimesimama karibu naye nikimsaidia kwa mdomo. Niache, mjukuu wangu. Sasa tunabishiwa wawili.

Bibi yako,
Zipora